Kuvuka mpaka na mtoto: gari linapotokea upande usiouzoea

Mtoto wa Kitanzania hufundishwa tangu chekechea: kabla ya kuvuka barabara tazama kulia, tazama kushoto, tazama tena kulia, kisha vuka. Ni mafundisho mazuri. Tunaanza na kulia kwa sababu kwetu magari yanapita kushoto, kwa hiyo gari lililo karibu zaidi na mtoto anayeshuka kwenye lami linatokea mkono wake wa kulia. Sasa mvushe mtoto huyo huyo daraja la Rusumo, umfikishe Rwanda. Huko magari yanapita kulia, na gari la karibu linatokea kushoto. Mtoto mtiifu, anayefanya sawasawa kama mwalimu alivyomwambia, atageuza uso kulia, ataona barabara nyeupe, na mguu wake utaanza kushuka kabla hajamaliza kutazama upande wa pili.

Sisi tunaofanya kazi wilaya za mpakani, kama huku Ngara, tunawaona akina mama wanaokwenda na kurudi kila wiki. Wapo wanaokwenda msibani kwa ndugu, wapo wanaopeleka mahindi na maharage, wapo wake za madereva wa malori wanaopanda na waume zao hadi Kigali. Wanauliza maswali mengi kliniki kuhusu safari: chanjo, malaria, maji ya kunywa. Swali la barabara inapita upande gani sijalisikia mara nyingi. Na hili ndilo linaloweza kuua kwa sekunde moja, bila homa wala dalili.

Shirika la Afya Duniani linasema watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hawamo ndani ya magari: ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na walio juu ya pikipiki. Ndiyo maana makala haya hayawahusu madereva peke yao. Mama asiyejua hata kushika usukani anahusika, na pengine zaidi.

Nchi nane, pande mbili

Kati ya nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki, tatu tu zinapita kushoto: Tanzania, Kenya na Uganda. Tano zilizobaki, yaani Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia, zinapita kulia. Kwa sehemu kubwa haya ni mabaki ya ukoloni. Mwingereza alituachia kushoto, Mbelgiji akawaachia jirani zetu kulia. Rwanda na Burundi ziliingia kwenye Jumuiya mwaka 2007, Kongo ikaingia 2022, Somalia ikafuata. Kila nchi inapoongezeka, vikwazo vya mpakani vinapungua, malori yanaongezeka, na familia nyingi zaidi zinasafiri. Sehemu kubwa ya mizigo ya Rwanda inapitia bandari ya Dar es Salaam, na yote inabebwa na madereva ambao asubuhi wako kushoto na jioni wako kulia.

Wanaotoka Bukoba kwenda Kampala kupitia Mutukula hawabadilishi kitu, maana Uganda inapita kushoto kama sisi. Akitoka Kampala akaendelea hadi Katuna na kuingia Rwanda, ndipo upande unabadilika. Akitoka Ngara kupitia Kabanga kuingia Burundi, au Kigoma kupitia Manyovu, unabadilika pia. Kwa hiyo usitegemee kumbukumbu ya safari ya mwaka jana ya kwenda nchi jirani. Uliza ni nchi gani.

Kuna wazo limewahi kujadiliwa, Rwanda na Burundi zihamie kushoto ili tufanane. Si rahisi. Alama zote, makutano yote, vituo vyote vya basi na magari yote yamepangwa kwa upande mmoja. Kwa sasa tuishi na tofauti tuliyonayo.

Hatari haiko pale mpakani

Watu wengi wanadhani mahali pa hatari ni pale pale mpakani ambapo upande unabadilika. Mimi naona ni kinyume. Pale mpakani dereva yuko macho. Amesimama, ameshuka, amegongesha pasi, ameona kibao, na malori yaliyo mbele yake yanamwonyesha njia. Anaingia upande mpya kwa uangalifu kama mtu anayebeba mtungi wa maji kichwani. Kosa linakuja baadaye, akili ikishatulia.

Ushahidi mzuri uko Sweden. Tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ya Sweden ilihama kutoka kushoto kwenda kulia, alfajiri moja. Watu walitarajia maafa. Badala yake ajali zilipungua, kwa sababu kila mtu barabarani alikuwa anaogopa, anakwenda taratibu na kutazama mara mbili. Baada ya muda hofu ikaisha, mazoea yakarudi, na ndani ya miaka kama miwili ajali zikarudi zilipokuwa. Mgeni aliyevuka mpaka naye hupitia hali hiyo, ila kwake yote hutokea ndani ya siku moja au mbili. Siku ya kwanza anaogopa. Siku ya tatu ameshajiona mwenyeji, lakini mwili wake bado ni wa kwao.

Kuendesha gari ni kazi ya mazoea. Dereva wa miaka kumi hafikirii tena akae upande gani, mikono inajua. Akiwa nchi ya upande mwingine anapaswa kuifikiria kila dakika, na binadamu hawezi kufikiri jambo moja kwa saa nane mfululizo. Akichoka, akipigiwa simu, mtoto akilia kiti cha nyuma, akili inaachia na mikono inarudi kwenye ilichozoea.

Kisa kinachojulikana zaidi duniani kilitokea Uingereza tarehe 27 Agosti 2019. Harry Dunn, kijana wa miaka 19, alikuwa anakwenda na pikipiki yake karibu na kijiji cha Croughton. Gari lilimjia uso kwa uso, likiwa upande wake. Aliyekuwa akiendesha ni mama wa Kimarekani, Anne Sacoolas, aliyekuwa Uingereza kwa wiki chache tu. Marekani wanapita kulia, Uingereza kushoto. Alikuwa ametoka kwenye lango la kambi inayotumiwa na jeshi la Marekani, watoto wake wakiwa ndani ya gari, akaingia barabarani na kushika upande aliouzoea nyumbani kwao. Harry alifariki.

Kisa hicho kiligeuka mgogoro wa kibalozi, maana mama huyo aliondoka Uingereza kwa kinga ya kidiplomasia, na wazazi wa Harry wakapigania haki yao kwa miaka mitatu. Desemba 2022, akiwa kwa njia ya video kutoka Marekani, alihukumiwa kifungo cha miezi 8 kilichoahirishwa, baada ya kukiri kusababisha kifo kwa kuendesha bila uangalifu. Magazeti yaliandika sana kuhusu kinga na serikali mbili. Yaliandika kidogo kuhusu jinsi kosa lenyewe lilivyotokea, na kwetu sisi hilo ndilo lenye faida. Hakushtakiwa kwa ulevi. Alikuwa mama anayewarudisha watoto nyumbani, ametoka getini, na hapakuwa na gari mbele yake la kumwonyesha upande.

Kumbuka hayo mambo mawili, geti na barabara tupu. Yanajirudia.

Sehemu ambazo mikono inasahau

Sehemu ya kwanza ni kutoka mahali ulipoegesha: sheli, gesti, uwanja wa kanisa, kwa ndugu ulikolala. Ukiwa katikati ya foleni huwezi kukosea, wenzako wanakubeba. Ukitoka sheli saa kumi na moja alfajiri, barabara haina mtu, usukani unaenda wenyewe. Huu ndio wakati wa kila aliye ndani ya gari kuwa macho, hata kama dereva ni fundi wa miaka ishirini.

Sehemu ya pili ni kona. Kwetu kukata kushoto ni kona fupi, unabana ukingo wa barabara, na kukata kulia ni kona ndefu ya kuvuka magari yanayokuja. Rwanda ni kinyume. Dereva wa Kitanzania akikata kushoto huko kwa mazoea, atakata kona fupi na kuingia moja kwa moja kwenye njia ya wanaokuja.

Halafu kuna kipilefti. Sisi tumelipa jina lile duara la barabarani kwa maneno ya Kiingereza yanayomwambia dereva akae kushoto, na jina likakubali. Kigali kuna viduara vingi, na kule huingii kwa kushoto. Unazunguka kinyume na mishale ya saa, na gari la kuogopa linatokea mkono wako wa kushoto. Lugha yetu yenyewe, katika neno moja dogo, inamwelekeza dereva kwenye njia isiyo yake.

Ya mwisho ndiyo mbaya zaidi, nayo ni kukwepa. Mbuzi akiruka barabarani, au gari likikujia, mkono haungoji akili. Dereva wetu amezoea kukwepa kushoto, kwenye majani. Huko kushoto hakuna majani, kuna lori linalokuja. Hili halina dawa ya kufundishwa kwa maneno. Dawa yake ni mwendo mdogo, ili kukwepa kusihitajike, au kuhitajike kukiwa bado kuna nafasi ya breki.

Ndiyo maana ripoti zinazosema tu «uzembe wa dereva» haziniridhishi. Zinafunga mjadala mapema. Kama kosa linatokea kwenye geti la sheli kilomita hamsini baada ya mpaka, basi kibao cha kumkumbusha dereva kiwekwe pia pale getini, si mpakani peke yake. Scotland wamefanya hivyo kwenye barabara za watalii, wameweka vibao vya kukumbusha upande katika lugha kadhaa za wageni. Mshale wa rangi chini ya lami kwenye njia ya kutokea sheli hauna gharama kubwa. Wenye sheli na gesti za njia ya Rusumo hadi Kigali, na wa Kabanga hadi Bujumbura, wanaweza kuuchora bila kusubiri mkutano wa mawaziri, kwa Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili.

Kiti cha mbele na mlango wa kushukia

Gari la Tanzania lina usukani kulia. Likiwa kwetu, dereva anakaa katikati ya barabara na anaona mbele. Likiwa Rwanda au Burundi, dereva anakuwa upande wa majani, na anayekaa katikati ya barabara, jirani na magari yanayokuja, ni abiria wa mbele. Mara nyingi huyo ni mama, na mara nyingi amepakata mtoto.

Dereva huyo akitaka kulipita lori lililo mbele yake haoni kitu mpaka atoe gari zima nje ya mstari. Nusu ya kwanza kutoka ni ile uliyokalia wewe. Magari ya namna hii yako mengi pia Burundi na mashariki ya Kongo, yaliyonunuliwa yakiwa yametumika Japani, kwa hiyo hata ukipanda teksi ya huko unaweza kujikuta kwenye kiti hicho.

Mtoto asikae mbele, na asipakatwe mbele. Gari likigonga kwa ghafla mikono ya mama haiwezi kumshika mtoto, hata awe na nguvu kiasi gani. Akae nyuma, kwenye kiti chake cha mtoto kama kipo. Kama hakipo, bado nyuma ni afadhali kuliko mbele. Mama mjamzito afunge mkanda, kamba ya chini ipite chini ya tumbo juu ya nyonga, ya juu ipite kati ya matiti na kando ya tumbo. Wapo wanaouacha mkanda wakidhani unambana mtoto tumboni. Mkanda ukifungwa hivyo unawalinda wote wawili.

Halafu mlango. Basi, Noah na Hiace zetu zina mlango wa abiria kushoto, kwa sababu kwetu kushoto ndiko kwenye bega la barabara. Gari hilo hilo likisimama Rwanda upande wa kulia, mlango unafungukia katikati ya barabara. Abiria anashuka na mzigo, na mtoto mgongoni, anakanyaga lami magari yanapopita. Kondakta anayeijua njia atakwambia usubiri. Asipokwambia, subiri mwenyewe. Usimtangulize mtoto ashuke kwanza kama tulivyozoea kufanya nyumbani. Shuka wewe, tazama nyuma na mbele, ndipo umpokee. Kwenye gari dogo ni rahisi zaidi: ukiwa nchi ya kulia, watoto wote washukie mlango wa kulia, na mlango wa kushoto wa nyuma ufungwe kwa kile kilango kidogo cha kuzuia watoto.

Kwa miguu, mtoto mgongoni

Mwaka 1931 mwanasiasa wa Uingereza, Winston Churchill, alikuwa New York. Tarehe 13 Desemba usiku alianza kuvuka barabara ya Fifth Avenue, akatazama upande aliouzoea kwao, na gari likamgonga kutoka upande mwingine. Aliumia vibaya lakini alipona, na baadaye akaja kuwa waziri mkuu. Mtu mzima na msomi, amezunguka dunia, na bado shingo yake iligeuka ilikozoea. London leo wameandika chini kwenye vivuko vingi maneno ya kumwambia mtembea kwa miguu atazame upande gani, kwa sababu wageni hawakuacha kukosea.

Kwetu hakuna maandishi hayo, kwa hiyo maandishi ni wewe mama. Ukiwa umebeba mtoto mgongoni na ndoo kichwani, shingo haigeuki vizuri. Tua mzigo kwanza, au geuza mwili mzima. Na mtoto anayetembea ashikwe kifundo cha mkono, si vidole. Vidole vinachomoka.

Wimbo wa shuleni nao tuurekebishe kidogo tunapoishi mpakani. Badala ya kumwambia mtoto «kulia, kushoto, kulia», mwambie asimame, atazame magari yanatokea wapi, atazame pande zote mbili, na arudie mara ya pili. Siku ya kwanza mkiwa ugenini simameni pembeni ya barabara dakika mbili bila kuvuka. Mwulize: «Mwanangu, hili gari limetokea wapi? Na lile?» Acha aonyeshe kwa kidole. Mtoto wa miaka mitano anaweza kujibu, na akijibu mwenyewe anashika kuliko ukimwambia wewe. Ila kushika jibu si ruhusa ya kuvuka peke yake. Watoto wadogo bado hawawezi kukadiria kasi ya gari, hata wakiwa nyumbani.

Haya yanawahusu pia dada zetu wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani Oman, Saudia, Qatar na Falme za Kiarabu. Kote huko magari yanapita kulia, barabara ni pana na mwendo ni mkubwa. Dada anaweza kutumwa dukani siku ya pili tu baada ya kushuka ndege, na pengine ameshika mikono ya watoto wa mwajiri. Unapomwandaa binti yako kwa safari, kwenye yale maneno ya pasipoti na mkataba, ongeza na hili.

Nako Zanzibar mambo yamegeuka: wageni ndio wanaotoka nchi za kulia, kama Italia, Ufaransa na Poland, wanakodi skuta na magari madogo na kuelekea Nungwi au Paje. Mama wa huko ambaye hajawahi kuvuka bahari yuko kwenye hatari ile ile akiwa mlangoni kwake. Mwambie mtoto anayetembea kwenda skuli asiamini kwamba upande usio wa magari hauna magari.

Bodaboda na ekzosi

Ukiwa Tanzania unashuka pikipiki kushoto, upande wa majani. Ukivuka kwenda Rwanda au Burundi, majani yako kulia, na ni salama zaidi kwa magari kushukia huko. Tatizo ni kwamba pikipiki nyingi zinazotumika huku zina ekzosi upande wa kulia. Mguu wa mama aliyevaa kitenge, au wa mtoto aliyening'inizwa pembeni, unagusa bomba la moto.

Mwambie dereva aingie kabisa nje ya lami na azime pikipiki, ndipo ushuke taratibu kwa upande wa kushoto ukiwa tayari nje ya barabara. Kama mtu ameungua, mwagia sehemu hiyo maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dakika 20 ni ndefu kuliko unavyodhani, angalia saa. Usipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke kituo cha afya, hasa akiwa mtoto.

Sema na dereva

Najua ugumu wake. Mke hataki kuonekana anamfundisha mume kazi, na abiria wa basi anaogopa kuitwa mjuaji. Lakini dereva aliye ugenini anahitaji macho ya pili. Marubani wako wawili na hakuna anayeona aibu.

Kabla ya safari mkubaliane neno moja fupi. «Baba Neema, tukitoka sheli nitakuwa nasema kulia.» Basi. Ukimwambia mapema, mkiwa mnakunywa chai, ni makubaliano. Ukimpigia kelele barabarani ni ugomvi, na kelele humshtua mtu akakwepa vibaya. Kwa basi, sema na kondakta kwa adabu: «Samahani mwanangu, tunashukia upande gani?» Swali hilo peke yake linamkumbusha kazi yake.

Pendekezo langu jingine ni la kupumzika. Dereva akifika mpakani amechoka, asivuke usiku. Alale upande wa kwao, Benako au Ngara mjini, avuke asubuhi akiwa na akili mpya. Uchovu na upande mgeni vikikutana gizani, hapo ndipo mikono inarudi nyumbani. Mama, ukiwa naye, kulala huko usiku mmoja ni gharama ya chumba tu.

Ikitokea ajali

Kwanza jilinde wewe, maana wengi hugongwa wakikimbilia kuokoa, na ukiwa nchi ya upande mwingine utakimbia ukitazama usipopaswa. Usimvute majeruhi isipokuwa kuna moto au hatari ya kugongwa tena, shingo yake inaweza kuwa imevunjika. Damu inayotoka kwa nguvu ibane kwa khanga safi, kwa kiganja, bila kuachia kuchungulia. Rwanda gari la wagonjwa unapiga 912, na polisi 112. Tanzania polisi ni 112 pia. Andika namba hizo kwenye karatasi, simu huvunjika kwenye ajali.

Mjamzito aliyepata mshtuko wowote wa tumbo aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama hana jeraha. Damu ukeni, maji kutoka, tumbo kukaza au mtoto kupunguza kucheza ni dalili za kukimbia. Mtoto aliyegonga kichwa mwangalie kwa siku mbili: akitapika zaidi ya mara moja, akilala usingizi usioamshika, akichanganyikiwa, akipata degedege, au damu na maji yakitoka sikioni au puani, usisubiri asubuhi.

Kabla hamjaondoka, mwulize mwenye gari kama ana Kadi ya Njano ya COMESA. Ni bima inayovuka mipaka, na Tanzania, Rwanda, Burundi, Uganda, Kenya na Kongo zote zimo. Inamlipia mtu aliyegongwa na gari, na inagharamia matibabu ya dereva na abiria wake hadi kiwango kilichowekwa. Bima ya kawaida ya ndani ya nchi inaishia mpakani. Gari lisilo na kadi hiyo likikugongesha ugenini, bili ya hospitali itakuwa ya kwako, kwa fedha za nchi nyingine.